Kamera Iliyomkataa Mama

Jamani, kamera yangu ilimkataa mama yangu mzazi. Sitanii. Wengine iliwapiga vizuri tu, lakini akikaa mama mbele yake, picha inatoka nyeupe pee.

Mimi ni mpiga picha. Ufundi nimefundishwa na mama huyohuyo, kwenye studio yake ndogo hapo mbele ya nyumba yetu. Stuli moja, pazia moja, maneno mengi.

Siku hiyo alikuwa anakwenda kulazwa, kesho yake apasuliwe moyo. Daktari hakutuficha kitu: anaweza kupona, anaweza asitoke. Gari la kumpeleka lilikuwa njiani.

Kaka yetu mkubwa akanivuta pembeni.

"Mpige mama picha moja safi. Peke yake, uso uonekane vizuri."

"Ya nini?"

"Wewe piga tu. Usinifanye niseme."

Nikaelewa. Nikachukua kamera.

Mama alikaa kwenye stuli bila ubishi. Hapo tu nilitakiwa nishtuke, maana mama bila ubishi simjui.

"Lete kwanza," akasema.

Ndiyo kawaida yake. Hakuna picha inayopigwa pale studio kabla hajaifuta lenzi kwa mkono wake mwenyewe, hata kama nimetoka kuifuta mimi. Akafuta, akanirudishia.

Nikapiga. Nyeupe. Pua hakuna, macho hakuna.

"Hebu nione." Akaitazama, akaguna, akanipa. "Imeungua hii. Mwanga umezidi. Kagua."

Nikakagua. ISO, ule wepesi wa kamera kunasa mwanga, iko chini. Kasi ya shata, kile kilango cha kupitisha mwanga, iko sawa. Lenzi haina tatizo. Nikamgeuzia kaka pale mlangoni, sikubadilisha chochote. Chwaa! Kaka katoka vizuri mpaka kipara kinang'aa.

Nikashusha pumzi. Mama akaifuta lenzi tena, nikampiga.

Nyeupe.

Akaomba aione, akatikisa kichwa, akanirudishia. Nikabadilisha betri. Nikabadilisha kadi. Nikafunga lenzi nyingine, nikafunga na dirisha kabisa. Kaka anatoka, mama hatoki. Jasho linanitoka, na gari linaweza kufika wakati wowote.

Dada yetu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu, akaanza kulia. "Hii ni ishara. Mama ameshaanza kuondoka."

"Hebu nyamaza!" kaka akamkemea, lakini na yeye sauti ilikuwa imemkauka.

Niwe mkweli, niliogopa. Mtu mzima nimesoma kamera mpaka basi, nikaogopa.

Mama akanyoosha mkono aifute lenzi kwa mara nyingine. Safari hii sikuiangalia kamera. Niliiangalia ile mikono yake, nikijiuliza kama nitaiona tena.

Ndipo nikaona kidole gumba.

Kitambaa kinafuta lenzi, huku kidole gumba kinazungusha taratibu kile kigurudumu cha juu, cha kuiamuru kamera iongeze mwanga. Kikazungushwa mpaka mwisho. Kumbe kila akiomba kuiona picha, anakirudisha sifuri ili nikikagua nisikute kitu.

"Mama! Ni wewe!"

Hakukataa. "Umechelewa kugundua. Unakagua kamera, hukagui watu."

Kaka akapandwa na hasira. "Mama, sisi tunahangaika kwa ajili yako, wewe unatuchezea?"

"Kwa ajili yangu?" Mama akamtazama. "Unajua nimewakalisha watu wangapi hapa wakiwa njiani kwenda hospitali? Watoto wao wanasimama hapohapo ulipo, wananinong'oneza hivyohivyo. Peke yake, uso uonekane. Wiki ijayo wanarudi, wanataka ikuzwe iwekwe juu ya jeneza."



Mama akainuka taratibu, akaichukua kamera. "Haya, kaa wewe."

Kaka akacheka kicheko kikavu. "Mimi siumwi."

"Kaa."

Akakaa.

"Nyoosha mgongo. Kidevu juu kidogo. Usicheke. Tunataka picha nzuri, wanao wapate ya kubeba mbele siku hiyo."

Kaka alivumilia kidogo sana. Akaruka kutoka kwenye stuli, akamkumbatia mama, analia kwa sauti. Sijawahi kumwona vile.

"Nisamehe, mama."

"Mimi nimekaa hapo tangu mlipoanza," mama akasema. "Na nilikuwa naogopa kuliko wewe."

Honi ikalia nje. Mama akaondoka bila picha.

Upasuaji ulichukua muda mrefu kuliko tulivyoambiwa. Tuliingia wodini tukiwa hoi. Alipofumbua macho, alimtafuta kaka, akauliza kama amekula.

Picha zako zikianza kuungua ghafla, kagua ISO, kagua shata, kagua na kale kagurudumu. Lakini kabla ya yote, muulize uliyemkalisha kama anataka kupigwa. Sisi tulikuwa tumeshaanza kumzika mama, naye amekaa mbele yetu anatusikiliza.