Moyo kwenye Telefone

Hakuna kitu cha kunishangaza, mimi. Nilianza kwa kubeba magunia ya madini kule Musonoi, kwa mgongo huu huu. Darasa la tano sikumaliza, na leo nina kamio mbili za mizigo na nyumba ya vigae mtaa wa Dilala. Waulize watu.

Wakati ule wa corona, mimba ya mke wangu ilikuwa ya miezi saba. Mbili zilizotangulia tulizipoteza. Sasa tangu jana yake mtoto alikuwa hajacheza tumboni, basi nikampeleka kwa mama mmoja mpiga ekografi, ile picha ya tumbo.

Tulikuta mambo yamebadilika. Viti vya veranda vilikaa mbalimbali, wanawake wanne wakingoja na barakoa zao. Mume haingii.

“Ni ngapi niingie?” nikamuuliza yule mama wa ekografi mlangoni, mkono mfukoni.

“Haiko mambo ya falanga, tata. Ukiingia, nitafukuza hawa bote, nisafishe kila kitu, nifungue madirisha saa muzima. Bakia inje. Nitakuita kwa telefone.”

Ndivyo alivyojipangia siku hizo: simu ya mgonjwa inawekwa karibu na mashine, mume asikie moyo wa mtoto akiwa nje.

Nikakaa. Nikasimama, nikazunguka veranda huku na huku. Nikawasha sigara, nikaitupa nzima.

“Tata, utatoboa simenti ya benyewe,” akasema mama mmoja, wenzake wakacheka.

Simu ikalia, nikapokea. Tup-tup-tup, mbio kama cherehani. Nikafumba macho. Halafu ikanyamaza. Simu haikukatika, maana nilimsikia mke wangu akihema. Moyo ndio uliokwisha.

Nilivunja kitasa kwa bega.

Mke wangu alikuwa amelala anatazama dari. Yule mama wa ekografi hata hakupiga kelele; kidole chake kilikuwa bado kwenye mashine.

“Nilisimamisha picha, nipime kichwa. Picha ikisimama, sauti nayo inasimama.” Akabonyeza. Tup-tup-tup. “Mutoto iko bien, alilala tu. Sasa toka, tata. Umenifungia kazi.”

Nilitoka. Wale wanne waliambiwa warudi kesho.

“Tata Bega,” akaniita yule yule wa simenti, “pikipiki yangu nani atalipa?”

Nililipa. Nauli za pikipiki za wote wanne, za kurudi nyumbani na za kuja kesho yake, kitasa kipya, na fundi wa kukifunga: falanga elfu arobaini na sita.