Mnyama Asiyeringa

Sisi tuliokulia Noonkopir, mtaa wa Kitengela, miaka ya tisini, kabla maghorofa hayajaziba upepo, hatukujua kuna duka la kuuza samaki wa kutazamwa tu. Samaki tuliyemjua alikuwa wa kuliwa. Tulikuwa na chupa ya peremende, ile pana ya kioo ya madukani, na tulikuwa na mvua.

Dada yangu Mwende alitamani kitu kimoja: kiumbe kitakachoishi ndani ya chupa ile. Visamaki tulivyovua kwenye dimbwi la machimbo ya mawe vilipanda juu vikitweta, na kulipokucha vilikuwa vinaelea. Viluwiluwi navyo viliota miguu, chura mmoja akaruka hadi kwenye sufuria ya muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa.

"Mkiniletea maiti ingine kwa hii nyumba, hiyo chupa narudisha kazi ya sukari," mama alisema. Na mama yetu akisema, amesema.

Mwende akaacha kutafuta mnyama mzuri, akaanza kutafuta aliyezoea shida. Nyuma ya nyumba walipita ng'ombe wa Wamaasai, na baada ya mvua kila ukwato uliacha kidimbwi kwenye ule udongo mweusi. Tulichutama tukikagua wapangaji wa kila shimo. Mama mmoja wa Kimaasai, aliyekuwa akipeleka maziwa sokoni, akasimama, akatusalimu kwa lugha yake.

"Supa. Mnatafuta nini kwa nyayo za ng'ombe?"

"Ipa. Tunatafuta mnyama mwenye haringi," Mwende akajibu, uso mkavu.

Yule mama akatua mzigo wake, akachutama nasi. Tukampata: konokono mdogo kama punje ya mtama, mweusi, mtulivu. Tulimchota na maji yake na tope lake, tukaenda kunawa kwa sabuni ya kipande kama tulivyoamriwa.

Asubuhi niliogopa kutazama. Nilimkuta mama ameinama mbele ya chupa, chai yake imepoa. Konokono alikuwa amepanda kioo, akila ukungu wa kijani polepole.

"Kumbe huyu ako na mdomo," mama alinong'ona. Hakuitaja sukari tena. Wiki zilizofuata kioo kilijaa mayai kama uji mzito, na Mwende akatembea kijijini kama mwenye ng'ombe mia.

Leo watoto wake hapo hapo Kitengela wana kibakuli cha kioo chenye taa, na samaki wa rangi ya chungwa anayeweza kugeuka kwa shida. Wanamtazama kidogo, kisha wanarudi kwenye simu. Juzi alikufa mwingine. Mwende alimuuliza kitinda mimba wake, kwa upole, "Huyu kwao ni wapi?"

"Supermarket," mtoto akasema.

Dada akaniangalia. Nilitaka kucheka, nikashindwa. Mtoto alikuwa ameshavaa viatu, anasubiri tu apelekwe kuchukua mwingine.