Bado, Kaka

Baba yangu mdogo mtaani wanamwita Bwana Kipimo, na jina hilo alilivaa kama cheo. Kazi yake ni moja: kila asubuhi anateremka chini ya daraja, anasoma nguzo iliyochorwa namba, anaandika kwenye daftari la idara ya maji mto umefika wapi. Miaka ishirini na sita hajakosa siku. Hata mkewe alipozikwa, nguzo ilisomwa kwanza.

Kaka yake, yaani baba, ni seremala. Aliunda mtumbwi wa watu wawili, kwa sababu tangu utoto walikuwa wameahidiana kushuka mto kwa kasia, siku nne, mpaka ziwani. Lakini mto wetu hauna subira. Mvua zikikatika, maji yakiwa zaidi ya mita mbili mikondo inakupindua. Yakipungua chini ya mita moja na nusu unakwama kwenye mawe. Katikati hapo pana siku kumi tu za kiangazi. Nani wa kuzijua kama si Bwana Kipimo?

Basi akitoka mtoni alipita kwenye dirisha la karakana.

"Mbili na arobaini."

"Bado?"

"Bado, kaka."

Baba alikuwa na kipimo chake, jiwe kubwa la ng'ambo. "Mdogo wangu, jiwe limeshatoa mgongo. Twende."

"Jiwe lina namba, kaka?" Akacheka, na sisi tukacheka naye, wajinga wakubwa.

Nguzo iliposema moja na themanini tuliubeba mtumbwi, wakapanda, na kabla ya kona ya kwanza wakakwama. Tukaurudisha mabegani huku watu wakituzomea kutoka darajani. "Mto umeshuka usiku," alisema Bwana Kipimo. Mwaka wa pili ikawa hivyo hivyo. Wa tatu pia.

Mwaka huu, mvua zikiwa bado zinanyesha, baba alianguka karakanani. Upande wa kulia ukapooza. Daktari alisema atakaa, atakula, atazungumza, ila mkono wa kulia ameuaga.

Wiki iliyopita mpimaji wa idara alikuja kukagua nguzo, akakuta imechimbiwa chini mno, kwa nusu mita nzima, hivyo inaonyesha maji mengi kuliko yaliyopo. Jioni baba mdogo akaja. Nilikuwa namkata baba kucha za ule mkono.

"Kaka, ile nguzo ya zamani ilipochukuliwa na mafuriko, hii mpya niliichimbia mwenyewe. Sikumwita mpimaji. Nilijiona naujua mto."

"Kwa hiyo ile mbili na arobaini..." baba aliuliza.

"Ilikuwa moja na tisini."

"Jiwe lilikuwa sahihi."

"Lilikuwa sahihi."

Kosa ni la binadamu, nami nilikuwa tayari kumsamehe. Ndipo baba akauliza, "Ulijua lini?"

Mtu mzima akaanza kuchezea kofia yake. "Mwaka juzi. Tulipokwama mara ya pili, nilikwenda kupima kwa kamba."

"Na mwaka jana ukaniambia bado?"

"Kaka, namba zile kila mtu anazisoma darajani. Tungeondoka kwenye mbili na arobaini tukafika salama, wangeuliza nguzo nani aliichimbia. Nami nilikuwa nakaribia kustaafu."

Nilimchukia. Nasema wazi, ingawa ni baba yangu mdogo na ndiye aliyenifundisha kuogelea. Alikuwa na mwaka mzima ambao mkono wa kaka yake ulikuwa bado unashika kasia, akaukalia ili wasimcheke. Baba alinipa mkono wa kushoto nikate na hizo kucha.

Asubuhi iliyofuata Bwana Kipimo alipita kama kawaida. Siku hizi baba huketi pale pale dirishani, mtumbwi ukiwa nyuma yake umefunikwa gunia.

"Moja na themanini, kaka," alisema taratibu. "Ya kweli."

Baba akanyoosha mkono wa kushoto, akafunga dirisha.