Basi la Sebuleni Kwenda Tunduru

Egidi Mhagama hakuvumilia kitu kinachovuja. Kuna watu hawavumilii kelele, kuna wasiovumilia mbu. Yeye, tone la maji. Kwa miaka thelathini na moja alikuwa fundi bomba mjini Songea, akichimba mitaro kuanzia Lizaboni hadi Ruhuwiko, na kwa maneno yake mwenyewe hakuna kiungo alichokikaza kikaja kuhitaji spana mara ya pili. Alipostaafu alihamia Mshangano, kwenye nyumba aliyoijenga kidogo kidogo. Ukimkaribisha kwako, anakula wali wako huku ametega sikio upande wa bafuni, anasikiliza.

Adui yake mkubwa alikuwa ndani ya nyumba yake: mtungi wa mkewe. Devota ni Mnyasa, na aliingia kwenye ndoa na mtungi wa udongo uliofinyangwa na mama yake huko ziwani. Ulikaa kwenye kona ya jiko ukitoa jasho mchana kutwa na kuacha duara la maji sakafuni. Egidi akapangusa duara hilo miaka nenda miaka rudi. Siku moja Devota alipokwenda msibani Mbamba Bay, mume akaona sasa basi. Akachukua rangi ya mafuta iliyobaki baada ya kupaka milango, akaupaka mtungi mara mbili, kijani kibichi. Devota aliporudi alikuta sakafu kavu na mtungi unang'aa. Akachota maji, akanywa, akayatema. Yalikuwa vuguvugu. Hakumsemesha mumewe wiki nzima. Mtungi mpya ulipoletwa kutoka kwa wafinyanzi wa Kinyasa, aliuweka palepale, akamtazama Egidi na kusema neno moja: "Thubutu!"

Sasa, wastaafu wengine hufuga kuku. Egidi alifuga kompyuta. Aliiunga mwenyewe kwa vipande vya mtumba, na fahari yake ilikuwa kadi mbili za picha, yaani yale mabamba ya ndani yanayofanya kazi ya kuchora kila unachokiona kwenye kioo. Alizipata kwenye studio moja ya video iliyokuwa inafungwa. Zilikuwa nzee, zina umri wa miaka kumi na ushei, nguvu zinazo lakini joto lake ni la jiko la mkaa. Feni moja ilikuwa imekufa, ya pili ilizunguka kilevilevi, na feni za saizi ile hazikupatikana Songea nzima.

"Feni ya nini?" Egidi akamwambia Devota. "Joto dawa yake maji. Na maji ni kazi yangu."

Akakata mabamba mawili ya shaba kutoka kwenye hita kuukuu, akalehemu kijibomba cha shaba juu ya kila moja, akayabana migongoni mwa kadi. Akafunga mipira myembamba inayoonyesha maji, akaipitisha kwenye rejeta ya bajaji ya mizigo, akatumbukiza pampu ya tangi la samaki kwenye ndoo ya lita ishirini. Maji yakawa yanatoka kwenye ndoo, yanapita kwenye shaba kubeba joto, yanapoa kidogo kwenye rejeta, yanarudi kwenye ndoo. Akatandika magazeti chini ya mashine, akakaa kwenye kigoda siku mbili akiyatazama. Magazeti yalibaki makavu. Egidi alitembea mtaani wiki ile kifua mbele.

Kazi yote hiyo ilikuwa kwa ajili ya Bashiru.

Bashiru, jirani wa ukuta kwa ukuta, ni Myao wa Tunduru, na kwa sababu hiyo ni mtani halali wa Egidi, Mngoni. Aliendesha basi la Songea kwenda Tunduru kwa miaka ishirini na sita, tangu enzi za vumbi na matope, gari linalala njiani siku tatu, mpaka lami ilipokuja. Miaka sita iliyopita, akiwa kwenye usukani, karibu kabisa na Matemanga, kiharusi kikampiga. Alifanikiwa kulisogeza basi pembeni na kuvuta breki ya mkono. Abiria wote walisalimika. Yeye akapakiwa kwenye pikapu kwenda hospitali, basi likamaliziwa na dereva mwingine, na mguu wa kulia wa Bashiru haujarudi kazini tangu siku ile.

Wanawe walimwambia mara nyingi, baba, panda basi ukasalimie kwenu. Hakutaka. "Gari sikulikabidhi," alisema. "Dereva anafika, anazima, anakabidhi. Mimi niliacha safari njiani. Nitakaaje kiti cha abiria kwenye barabara yenye deni langu?" Mkewe Subira alikuwa ameshachoka kubishana naye. Miaka sita, Bashiru hajaikanyaga Tunduru.

Ndipo Egidi akasikia kuna mchezo wa kompyuta wa kuendesha mabasi, na kuna vijana waliochora barabara za huku kusini humo ndani, kona kwa kona, na safari inachukua saa zilezile za kweli. Akatafuta usukani wa kuchezea. Pedali akazihamishia kushoto, kwa ajili ya mguu uliobaki mzima. Kilichobaki ni mashine iliyoweza kuchora barabara kwa saa nne bila kuzimika.

Jumapili ya kwanza, baada ya misa, sebule ilikuwa stendi. Bashiru alikaa mbele ya kioo na kofia yake ya dereva. Nyuma walipangwa abiria: Devota, Subira, na Mzee Raphael wa nyumba ya tatu, mtu asiyepitwa na kitu wala asiyeridhika na kitu, ambaye alikuja na begi.

"Begi la nini, mzee?" Devota akamuuliza.

"Shikamoo kwanza."

"Marahaba... ah, samahani, shikamoo mzee!"

"Marahaba. Nasafiri bila begi, mimi kichaa?"

Basi likaondoka. Bashiru alipiga honi pale alipozoea kupiga, akawapungia mkono watu wasiokuwepo. "Nyie Wangoni," alisema akikata kona, "mlikuja nchi hii kwa miguu. Habari za magari mngezijulia wapi?"

"Na nyie mlipotuona mkakimbia," Egidi akajibu. "Ndiyo maana mwendo mnaujua."

Walipita Lumecha wakicheka. Namtumbo ilipoanza kuonekana, kioo kikawa cheusi.

"Gari imechemsha!" Mzee Raphael akatangaza, akasimama na begi lake.

Egidi akatia mkono kwenye ndoo. Ungeweza kumwogesha mtoto. Kwa saa moja na nusu kadi zile zilikuwa zimeipasha ndoo nzima, na rejeta chini ya bati la mwezi wa kumi ilikuwa haina ubaridi wa kuyapa maji, maana hata hewa ya sebuleni yenyewe ilikuwa moto.

Jumapili ya pili alileta ndoo mbili. Wakafika Kilimasera, kioo kikafa. Jumapili ya tatu alitia barafu ya kuganda kutoka kwenye friji ya duka la jirani. Barafu ikaisha, wakafia porini kabla ya Matemanga. Mzee Raphael akasema hata enzi za vumbi ilikuwa afadhali. Watu wakacheka, lakini Bashiru hakucheka. Alivua kofia, akaikunja, akaitia mfukoni.

"Basi, fundi," alisema taratibu. "Nashukuru. Kuna gari nyingine hazifiki tu, ndivyo Mungu alivyopanga."

Subira akamshika mkono wakatoka. Egidi alibaki anatazama mipira yake, mizuri, mikavu, haina tone, na safari hii hakuona cha kujivunia. Aliona uchungu. Alikuwa amempeleka mtani wake mpaka karibu na palepale alipoangukia, akamwacha hapo mara ya pili.

Devota alikuja na kikombe cha maji, akampa. Egidi akanywa. Yalikuwa baridi mpaka meno yakauma.

"Umeyatoa wapi haya? Barafu si imeisha?"

"Mtungini," Devota akasema. "Yamekaa humo tangu asubuhi, jiko linawaka pembeni yake. Baba Dorine, wewe umezunguka mji mzima unatafuta baridi."

"Ule unavuja."

"Unavuja ndiyo. Uliupaka rangi ukaacha kuvuja. Ukanywa nini?"

Egidi akamalizia maji ya kikombe. Fundi bomba hakosi akili ya maji, alikuwa nayo siku zote. Alichokosa ni moyo wa kuitumia. Jasho la mtungi ndilo linalobeba joto. Hewa kavu ya mwezi wa kumi inalinyonya, na ndani panapoa. Alilijua hilo tangu ile rangi ya kijani, akalikalia kimya miaka yote kwa aibu. Sasa alitakiwa abebe kitu kinachovuja kwa mikono yake mwenyewe, akiweke sebuleni kwake, mbele ya watu, akiunge na bomba lililofungwa na Egidi Mhagama.

Asubuhi ya Jumapili ya nne alikwenda kugonga kwa Bashiru.

"Mtani, gari iko tayari."

"Nimeshastaafu."

"Nimeleta mtungi wa Mama Dorine."

Bashiru alimtazama. Mtaa mzima ulijua vita vya mtungi ule. "Wewe?" akasema. "Sebuleni?" Kisha akamwita Subira amletee kofia.

Mtungi ulikaa kwenye kigoda kando ya mashine, mbali kidogo na nyaya, pampu ndani yake, kitambaa kimefunika mdomo, na dirisha lote wazi upepo upite. Wakaondoka saa saba mchana. Lumecha. Namtumbo, mtungi baridi. Kilimasera, Egidi akagusa shaba: vuguvugu tu. Duara la maji lilikuwa limetoka kwenye kigoda, limeingia kwenye zulia jipya. Egidi alilitazama. Mikono ilimuwasha. Akaikalia.

Walipokaribia Matemanga, Bashiru akapunguza mwendo. Egidi alijua mahali penyewe ni wapi kwa jinsi mabega ya mwenzake yalivyokakamaa. Bashiru alilisogeza basi pembeni, akalisimamisha. Akakaa hapo. Subira akaanza kunyanyuka, Devota akamvuta chini.

Ndipo sauti ya Mzee Raphael ikasikika nyuma: "Fundi, kunavuja hapa. Begi langu limelowa."

Egidi, soksi zake zenyewe zikiwa chapachapa, alisema bila kugeuka: "Acha ivuje."

Bashiru alicheka, kicheko kifupi kilichomtoka bila kutaka. Akawasha taa ya kushoto, hapana, ya kulia, akatazama kioo cha pembeni mara mbili, akaingia barabarani. Mashine haikushtuka. Baada ya hapo hakuna aliyehesabu vituo. Ilipokaribia saa kumi na moja, nyumba za Tunduru zikaanza kujitokeza kwenye kioo, kisha stendi, kisha sehemu ya kuegesha. Bashiru aliliingiza basi taratibu, akavuta breki, akazima.

Alikaa ameshika usukani machozi yanamtiririka, na hakuyafuta. Kisha akageuza kiti, akavua kofia, akamtazama Egidi.

"Abiria wote salama," alisema. "Mizigo salama, ila begi la Mzee Raphael. Gari zima. Nakabidhi."

Egidi akasimama wima ndani ya maji yake. "Nimepokea," akasema.

"Alhamdulillahi." Bashiru akampa mkewe kofia. "Mama, kesho tukate tiketi za kwetu. Mbili, siti za dirishani. Ila uulize kwanza: dereva asiwe Mngoni."