Mashi Iliyofutwa kwa Kidole cha Sambaza

Sijui kama nina haki ya kuchukizwa hivi. Masomo yangu ni kidogo, kodi, yaani maandishi ya kuamuru kompyuta, nimejifunzia hapahapa kazini Bukavu, na mzee ninayefanya naye kazi, tonton kama ninavyomwita, ndiye aliyenionyesha mambo mengi. Hilo naliandika kwanza, nisije nikamwonea.

Tulikuwa tunatengeneza ukurasa wa kusomwa kwa simu, wa kufundisha wakulima namna ya kuokoa migomba inayonyauka. Kifaransa aliandika yeye. Mashi, lugha yetu ya nyumbani, niliandika mimi, kwa ajili ya watu kama mama yangu kule Nyantende, ambaye Kifaransa kwake ni kelele tu. Wakulima wenyewe walikuwa wanakuja kuuona kesho yake.

Programu tunayoandikia kodi ina sehemu pembeni inayotunza kila toleo la kazi, na nani aliandika nini. Wawili wakigusa mahali pamoja, inaweka maandishi yao juu na chini na kuuliza: tubakishe ya nani? Unaweza kuchagua ya mmoja, au yote mawili. Siku ile iliuliza wakati tonton anakula sambaza za kukaanga, samaki wadogo wa ziwani, juu ya klavie ya kompyuta. Kwa kidole kilichong'aa mafuta, bila kusoma, akabonyeza: yake tu. Mashi yangu ikapotea. Kwenye kibonye kikabaki kichwa cha samaki.

"Tonton, umefuta Mashi yote!"

"Mashi mu ordinatere? Ya kufanya nini? Tutaonekana watu ya kijiji."

"Si ndio hao wanakuja?"

"Maman, mukubwa anapita mbele. Lete chumvi."

Nikaleta chumvi. Hilo linanichefua kuliko mafuta yake.

Alipotoka kunawa, nilipangusa klavie nikafungua matoleo ya nyuma. Langu lilikuwepo, zima. Ningeweza kulirudisha na kufuta la kwake, kama alivyofanya yeye. Lakini nikasoma kwanza. Alikuwa ameongeza jambo nililolisahau kabisa: panga lipitishwe kwenye moto kabla ya kugusa mgomba mwingine. Bila hilo, ukurasa wangu ungewasaidia watu kueneza ugonjwa. Nikabakisha yote mawili, na maneno yake nikayatia katika Mashi.

Kesho yake maman mmoja alishika simu, akaanza kusoma kwa sauti, polepole, akacheka. "Eh! Iko inasema kama sisi!"

Tonton akasimama, mkono kifuani. "Nilisema tangu mwanzo: bila Mashi, hii kazi haina maana."

Wakampigia makofi. Mimi pia nilipiga, mate yamenijaa kinywani kama mtu anayetaka kutapika. Ordinatere ilikuwa mbele yangu. Ningebonyeza mara moja tu, wote wangeona ni nani aliyeandika na ni nani aliyefuta. Lakini maman yule alikuwa bado anasoma. Nikamwacha afike kwenye panga na moto.