Jani la Kitunguu kwa Kaka Melkiori

Siku ninayotaka kukusimulia naikumbuka kuliko siku ya harusi yangu, na mama yako mdogo asisikie. Ndiyo siku niliyomfokea kaka yangu mkubwa, baba yako mzazi, mbele ya wapagazi, mpishi na wageni, kule juu ambako hata mti hauoti. Nakusimulia leo unapoondoka kupanda mlima, mwanangu, kwa sababu juzi nimekusikia ukiwatambia wenzako kwamba wewe ni mtoto wa mlimani, kwamba ugonjwa wa mlima ni wa wazungu. Nilitamani nikutandike bakora. Maneno hayo nilishayasikia kutoka kinywa cha baba yako, na yalinitesa safari nzima.

Wewe ulikuwa hujazaliwa. Ilikuwa ile miaka ya soko huria, maduka ya Moshi yamejaa kila kitu, na kahawa imegeuka kazi ya kujitesa. Watu waling'oa mibuni iliyopandwa na babu zao wakaweka nyanya. Wageni ndio waliokuwa wakiongezeka, na siyo wote waliotaka kilele. Walikuwepo waliotaka kutembea tu: wapite vijijini chini ya migomba, waione mifereji, walale kwa wenyeji, kisha wapande msitu na kukatiza ule uwanda mkavu kati ya vilele vya Kibo na Mawenzi, washukie upande wa pili, Rombo. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaongoza.

Usiniulize niliipataje kazi hiyo. Unajua mila yetu hapa Kilema: mtoto wa kwanza hupewa kihamba, shamba la ukoo la migomba na kahawa, na nyumba ya baba hubaki kwa kitinda mimba. Sisi wa katikati tunapewa baraka na kuonyeshwa njia. Basi mimi niliishika hiyo njia, nikaanza kwa kubeba mizigo, na baada ya miaka mingi nikawa kiongozi.

Sasa siku moja baba yako akanijia. Kahawa ilikuwa imemchosha, nyumbani watoto wadogo wamejaa. "Gaudensi," akaniambia, "safari hii nakwenda na wewe. Nitabeba." Nikamwambia, kaka, huko juu hujawahi kulala. Akacheka. "Mimi? Mlima huu nauona kila asubuhi nikifungua mlango. Utanifanya nini?"

Haya bwana. Utamkataliaje kaka yako? Hapo ndipo balaa lilipoanzia, wala siyo kule juu.

Maana kwetu mkubwa haamrishwi na mdogo. Nilikuwa nikigawa mizigo asubuhi, nikigeuka tu, yeye anaigawa upya. Nikisema tutapita njia ya chini, yeye anasema ya juu, na wapagazi wanamfuata kwa sababu ndiye mkubwa. Na kila kihamba tulichokipita palikuwa na ndugu! Huyu binamu, huyu somo wa kipaimara, yule alioa kwa kina nani. Kila mahali lazima mwamkiane, mjuliane hali, ndipo ije mbege, pombe yetu ya ndizi. Mwenyeji anaonja kwanza, kisha anampa kaka, na kaka hakatai, maana kukataa mbege ya mtu ni kumtukana. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye kofia pana, akawa kila saa ananiuliza, "Tumefika?" Tumefika, mama, lakini tumefika kwa binamu. Mwika, kwa shangazi yetu, ndiko alikokunywa mpaka shangazi mwenyewe akamnyang'anya kibuyu.

Nilikuwa nimechukia, lakini nikanyamaza. Nikajisemea, tukishaingia msituni, huko hakuna binamu.

Msitu tukaumaliza salama. Tulipotokea kwenye nyasi ndefu na baridi ikaanza kuuma, nikaona kaka amebadilika. Alikuwa mtu wa maneno, sasa kimya. Akawa anabaki nyuma. Wapagazi kule tunawaita wagumu, na jina hilo lilikuwa limemwingia kichwani, kila nilipomwambia ampe mwenzake mzigo, alinijibu, "Mimi ni mgumu." Jioni mpishi wetu, Mzee Prosperi, mtu wa Njoro aliyekuwa na umri wa baba yetu, akamwekea ugali na kabichi. Kaka hakuugusa.

"Nimeshiba," akasema.

"Umeshiba nini?" nikamuuliza. "Tangu asubuhi hujatia kitu mdomoni."

"Ni mbege ya shangazi. Bado imenijaa."

Mbege ya shangazi! Tumeiacha Mwika siku kadhaa nyuma, tumelala, tumeamka, tumepanda, na bado ati imemjaa. Mwanangu, mtu mzima akiamua kudanganya hata aibu haoni. Mficha maradhi kifo humuumbua, na yeye alikuwa ameyaficha kwa uongo ambao hata mtoto asingeuamini.

Asubuhi yake ndiyo tulikuwa tukatize uwanda. Jua limetoka, wageni wamekunywa chai, wagumu wanafunga mizigo. Kaka akainuka, akayumba, akashika hema asianguke. Alipokohoa nikasikia kifua chake kinachemka ndani. Midomo imekuwa rangi ya majivu. Nimeiona hali ile kwa mgeni mmoja miaka ya nyuma, na nilijua maana yake. Mtu wa namna hiyo akiendelea kupanda, jioni haioni. Dawa yake ni moja tu, kushuka, tena saa hiyohiyo.

Nikamwambia, "Kaka, unashuka."

"Nashuka kwenda wapi?"

"Nyumbani. Mapafu yako yanajaa maji."

"Mimi mtoto wa mlimani," akasema, anahema baada ya kila neno. "Ugonjwa huo ni wa wazungu." Akainama achukue mzigo wake.

Hapo nikapasuka. Yesu na Maria! Safari nzima nimemeza, sasa yote yakatoka. Nikamwambia ni mjinga, ni mbishi, kichwa chake kigumu kuliko jiwe la kusagia, amenivurugia kazi tangu Kilema. Nikamwambia mimi ndiye kiongozi hapa na ninaamuru, shuka! Nilipiga kelele mpaka wageni wakatoka kwenye hema kutazama. Wagumu wakainamisha macho.

Kaka akaniangalia. Hakupandisha sauti, hata pumzi ya kupandishia hakuwa nayo. "Nani alikubeba mgongoni ulipougua surua?" akaniuliza. "Leo unaniamuru mimi? Sishuki. Nife hapahapa." Akakaa juu ya mzigo wake, akanigeuzia mgongo.

Wahenga wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Kweli. Lakini mkuu mwenyewe asiposikia, avunjike nani? Nilizunguka pale kama kuku anayetafuta pa kutagia. Nikafikiria kumfunga kamba abebwe kwa nguvu, lakini nani kati ya wagumu angethubutu kumgusa mtu mzima aliyesema sishuki? Na yeye angepigana, na kupigana kwenyewe kungemmaliza. Ndugu yangu alikuwa anakufa mbele ya macho yangu kwa sababu ya heshima, na aliyeivunja hiyo heshima nilikuwa mimi.

Mzee Prosperi akaniita kando, kwenye masufuria yake. Alikuwa mtu mpole, lakini siku ile alinikaripia kwa sauti ya chini nikatamani ardhi inimeze.

"Wewe una akili?" akasema. "Mkubwa wako unamfokea kama mbwa mbele ya watu, halafu unataka ainuke akufuate? Akishuka sasa, ameshuka kwa matusi yako. Atawatazamaje hawa vijana? Afadhali afe. Hata mimi ningekaa palepale."

"Sasa nifanye nini, mzee? Muda unakwisha."

"Wewe ni Mchaga au siyo Mchaga? Mdogo akimkosea mkubwa hufanya nini?"

Nikamwambia hupeleka sale. Wewe unayajua masale, mwanangu, yale majani marefu tunayopanda mipakani na kwenye makaburi. Ukimkosea mtu, unalifunga jani fundo, unampelekea. Akiletewa sale hana ruhusa ya kukataa kusamehe. Akikataa, laana inabaki kwake. Hata waliomwagiana damu hupatana kwa jani hilo. Lakini sale linaota kwenye vihamba. Kule juu tulikuwa na mawe, barafu kwa mbali, na nyasi fupi zilizoungua kwa baridi.

"Sale nitalitoa wapi huku?" nikamuuliza, karibu nimfokee na yeye.

Mzee akaingiza mkono kwenye kikapu chake cha mboga, akapekua, akatoa kitunguu chenye majani yake marefu. Akachuma jani moja, akanipa. "Hili ndilo jani tulilo nalo," akasema. "Nenda. Na ukacheke uone."

Mwanangu, nani angecheka? Nililifunga fundo, mara ya kwanza likakatika, akanipa lingine. Nikaenda nikapiga magoti kwenye mawe mbele ya kaka, wageni wanaona, wagumu wanaona. Nikalishika kwa mikono miwili. Nikasema, "Kaka, nimekukosea. Nimekutukana mbele za watu, na wewe ndiye mkubwa wangu. Naomba unisamehe."

Akaliangalia lile jani. "Hiki ni kitunguu," akasema.

"Ni kitunguu, kaka. Sale halioti huku."

"Linanuka mchuzi."

Hata katika kufa alikuwa anabishana! Nilihisi hasira inanipanda upya, nikaimeza. Mzee Prosperi akasema kwa nguvu toka kwenye masufuria, "Melkiori! Umeletewa, pokea!"

Kaka akakohoa kwanza, akajifuta mdomo. Kisha akanyoosha mkono akalipokea, akaliweka mfukoni mwa shati. Na mimi, palepale kwenye magoti, nikasema, "Kaka, naogopa. Nisindikize nishuke." Sikuyapanga maneno hayo. Yalitoka tu, na machozi yalitoka nayo, maana kweli nilikuwa naogopa, niliogopa nitamwambia nini mama yetu.

Akainuka. "Kama unaogopa," akasema, "twende."

Wageni niliwaachia msaidizi wangu awavushe. Yule mama wa kofia pana alinisukuma bega akanifanyia ishara ya kwenda, na sikungoja aniambie mara mbili. Mimi na vijana wawili tukamshika kaka, huku na huku, tukashuka. Mwanzoni alikuwa mzito, miguu inaburuzika, nikawa namwita jina kila hatua asilale. Tulipofika kwenye miti ya kwanza pumzi ikaanza kumrudia. Jua lilikuwa bado halijazama tulipomwingiza kwa shangazi Mwika, kaka akaitisha mtori wa ndizi, akanywa bakuli zima, akalalamika hauna chumvi. Nilitoka nje nikakaa kwenye ukingo wa mfereji, nikalia kwa sauti. Bosi wangu wa Moshi alinifokea baadaye kwa kuwaacha wageni, nikamsikiliza mpaka akachoka.

Sasa sikiliza vizuri hapa. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, watu wamekaa kwenye mbege pale kwa jirani, nikamsikia kaka akisimulia. "Gaudensi yule," anasema, "tumefika juu akaingiwa na woga! Akapiga magoti, analia, kaka nishushe, kaka nishushe. Ningefanyaje? Nikaacha safari yangu nikamshusha." Watu wakacheka mpaka kibuyu kikamwagika. Wakanigeukia. Mzee Prosperi hakuwepo, wale vijana hawakuwepo. Ningeweza kumwumbua pale kwa neno moja.

Nikasema, "Kweli. Kaka alinishusha."

Ameisimulia hivyo tangu siku ile. Kwenye ubatizo, kwenye matanga, kwenye harusi za watu wasiotuhusu. Kila mwaka katika masimulizi yake nazidi kulia, na mara ya mwisho nilikuwa nimejikojolea. Na wewe mwenyewe umecheka mara nyingi, nimekuona. Inaniudhi, mwanangu, sitakuficha. Inaniudhi mpaka leo. Lakini nikikasirika, nakutazama wewe. Safari ile ilikuwa kabla ya mvua za masika, na wewe ulizaliwa masika ya mwaka uliofuata. Kama ningeshinda ubishi ule asubuhi ile, ningekuwa na haki yangu na kaburi la kaka, na wewe usingekuwepo kunitambia kwamba u mtoto wa mlimani.

Basi nasaha yangu ni hii, na uishike kabla hujafunga kamba za viatu. Mlima hauulizi umezaliwa wapi. Kichwa kikikuuma sema, usingoje uulizwe, wala usisingizie mbege ya shangazi. Na wewe utakapokuwa kiongozi, usiishie kuwauliza wageni tu jioni kama wamekula. Waulize na wagumu, na yule atakayejibu haraka kwamba ni mzima, kaa naye umtazame akila. Ukikutana na mkubwa mbishi, usimpigie kelele. Kelele zinamfunga mtu palepale alipo. Mtafutie njia ya kushuka ambayo kesho ataweza kuisimulia mbele za watu, hata kama katika masimulizi hayo mjinga utakuwa wewe.

Haya, nenda. Ruwa, Mungu wa wazee wetu, akutangulie kupanda, Ruwa akushikilie kushuka, miguu yako ikurudishe mwenyewe mpaka mlangoni kwa mama yako. Na ukirudi umkute baba yako amekaa na watu anasimulia jinsi nilivyolia kule juu, mwamkie shikamoo, kaa chini, umsikilize mpaka mwisho. Cheka pale wanapocheka wenzako. Usimbishie hata neno moja.