Betri ya Fundi wa Makambako

Mimi ni bwana mifugo, na kazi yangu kubwa ni kupandikiza mbegu kwa ng'ombe wa maziwa. Ninaishi Njombe mjini, lakini ng'ombe ninaowahudumia wametawanyika vijijini, mpaka kule ng'ambo ya Makambako. Kazi yenyewe haitaki mchezo na saa. Ng'ombe akianza kulia kwa joto, yaani kutaka dume, alfajiri, jioni uwe umefika na mtungi wako wa mbegu. Ukichelewa, mnangoja siku ishirini na moja nyingine.

Kuna mama mmoja mjane huko ng'ambo, mwenye ng'ombe mmoja tu, ambaye nilishamwangusha mara mbili. Mara ya kwanza nilikaa stendi nikingoja basi dogo lijaze abiria. Mara ya pili nilikodi bodaboda, mvua ya mwezi wa nne ikatukuta kwenye mlima wa udongo mwekundu, dereva akageuza na kuniacha pale na mtungi wangu. Nilifika kesho yake, joto limeshapita. Mama hakunigombeza, na ingekuwa afadhali anigombeze.

"Daktari," aliniambia, "shemeji zangu wamenipa mara moja ya mwisho. Akikosa mimba tena, wanampeleka kwa wachinjaji."

Ng'ombe yule ndiye aliyekuwa amebaki wa kumwita wake tangu mumewe afariki. Nilirudi Njombe nikiwa sina raha, na wiki ileile nikaenda Makambako kununua pikipiki mpya. Ilikuwa nyekundu, haina kiki ya kuwashia kwa mguu. Muuzaji alisema za kisasa ni kubonyeza tu, na mimi nikaipenda sana hiyo kubonyeza.

Sasa, kwetu mtu akipata kitu kipya, watu huja kukiona. Ni heshima, wala huwezi kuwafungia mlango. Walikuja majirani, wakaja wakwe zangu, na Jumapili ikaja kwaya nzima ya usharika wetu, wakaizunguka, wakaiombea na kuiimbia beti mbili. Kila kundi lilimalizia na ombi lilelile: "Hebu washa tusikie!" Nami nawasha, taa inawaka, watu wanapiga vigelegele, nazima. Anayefuata anataka abonyeze mwenyewe. Namruhusu, na nazima tena. Kwa wiki mbili pikipiki ile iliwashwa zaidi kuliko ilivyotembea, maana safari yangu ya kila siku ni kutoka nyumbani hadi ofisini, na hata kwa miguu ni dakika kumi. Leo naona aibu kuyaandika haya, lakini wakati ule kichwa kilikuwa kimevimba.

Simu ya mama ilikuja alfajiri moja ya mwezi wa tano, baridi ya Njombe imeshaanza kuuma. "Analia," alisema, na akakata. Nikafunga mtungi kwenye kiti cha nyuma, nikabonyeza stata. Ikatoa tik, tik, basi. Nikabonyeza mpaka kidole kikauma. Mwishowe majirani walewale waliokuja kuishangilia wakaja kuisukuma. Tukaiachia mtelemkoni, nikaingiza gia namba mbili, nikaachia klachi, ikakohoa na kuwaka.

Nilikuwa na muda mwingi mpaka jioni, na hasira nyingi kuliko muda. Njia nzima nilikuwa napanga maneno ya kumwambia yule muuzaji. Nilifika mbele ya duka lake nimefura, nikashuka, na kwa mazoea nikaizima mwenyewe kwa mkono wangu. Nilipomaliza kufoka, muuzaji alibonyeza stata mara moja, akasikiliza ule ukimya, akaninyooshea kidole ng'ambo ya barabara. "Msukumie yule mzee," alisema.

Mzee mwenyewe alikuwa fundi wa betri, karakana yake ya mabati ikitazama mahali malori yanapopumzika. "Kamwene," alinisalimu, akanisogezea kigoda. Hakuigusa pikipiki. Alisafisha benchi kwa kitambaa, akaweka mkebe wa nati pembeni, akasema, "Nisimulie tangu siku ulipoichukua. Kila ilipowashwa, na ilikwenda wapi."

"Mzee, nina haraka. Duka limeniuzia betri mbovu."

"Inawezekana. Nisimulie."

Nikaanza. Kila nilipotaja kuwasha, aliweka nati moja juu ya benchi. Nilipotaja safari ndefu, aliondoa nati kadhaa. Majirani, nati nne. Wakwe, nati sita. Nilipofika kwenye kwaya nikapunguza sauti, naye akauliza taratibu, "Sauti ya kwanza wote walibonyeza?" Akaendelea kupanga nati bila kucheka. Safari ndefu zilikuwa mbili tu, ile ya kuitoa dukani na ile ya asubuhi hiyo. Nilipomaliza, mbele yangu palikuwa na lundo ambalo hata mimi, na ubishi wangu wote, sikuweza kulibishia. Nikanywea.

"Stata inakula, safari ndefu ndiyo inalisha," alisema. "Yako imekula, haikulishwa. Na dukani nao waliimwagia maji ya betri ukaondoka nayo saa hiyohiyo, badala ya kuichaji kwanza. Kwa hiyo kosa ni nusu lao, nusu lako. Imekaa na njaa muda mrefu, haishiki chaji tena."

Nilimwonyesha betri mpya zilizojaa kwenye shelfu yake. Nilikuwa tayari kuchukua yoyote. Akatikisa kichwa. "Hizo ni kavu. Nikiitia maji sasa, itakuwa tayari kesho. Nikikupa leo, nitakuwa nimekufanyia yaleyale."

Hapo ndipo nilipomweleza habari za ng'ombe. Nilimweleza yote, basi dogo, bodaboda, shemeji na wachinjaji. Sikujali nani ananisikia. Aliuliza swali moja tu, "Mwisho saa ngapi?" Nikamwambia, jua likizama nimechelewa.

Akainuka, akaenda kwenye pikipiki yake iliyoegeshwa nyuma ya karakana, akafungua kiti na kuchomoa betri. Ilikuwa nene kidogo kuliko yangu, haikukaa vizuri, akaifunga kwa ukanda wa mpira wa tyubu na kuivuta mara mbili kuhakikisha. Nilibonyeza, ikawaka papo hapo.

"Na wewe, mzee, utarudije nyumbani?"

"Kwangu si mbali," alisema. Baadaye nilikuja kujua kwamba ni mbali sana.

Nilifika kwa mama jua bado lipo. Alikuwa amemfunga ng'ombe tayari, ameweka ndoo ya maji ya moto na sabuni. Nilipomaliza, nikaanza kunawa mikono. Ndipo aliposema, "Leo umewahi," akaenda kunichemshia viazi.

Kesho yake nilirudisha betri. Nilitegemea fundi ataipima kwanza, aone kama nimeiharibu. Yeye aliipokea kwa mkono mmoja na kuuliza, "Ng'ombe je?" Nikamwambia hatujui, mpaka zipite siku ishirini na moja bila yeye kulia, ndipo tujue ameshika mimba. Akaandika tarehe kwa chaki kwenye mlango wa karakana. Kisha akanifungia betri mpya aliyoichaji tangu jana, akaniamuru niende nayo mpaka Njombe bila kuzima. Nimefanya kazi na wataalamu wengi wenye vyeti, na mimi mwenyewe ninacho changu ukutani. Sijaona anayesikiliza kazi yake kama mzee yule.

Siku ya ishirini na moja nilifika kwa mama asubuhi, nyasi zikiwa nyeupe kwa baridi. Nilimkuta bandani, amejifunika blanketi. Alikuwa amekesha pale akisikiliza. Ng'ombe amelala, anacheua. Tulikaa naye siku nzima, kesho yake tukakaa tena, wala hakulia. Jioni mama aliniambia, "Mwambie yule baba wa betri."

Nikampigia. Mtu yule niliyemzoea kwa maneno mawili matatu aliniuliza mara mbili kama nina uhakika. Nikamwambia, kwa leo ninao. Nilisikia simu ikiwekwa juu ya benchi, na sauti yake ikiwapigia kelele madereva wa malori kule nje: "Ameshika! Jamani, yule ng'ombe ameshika!"